Jicho Linaloogopa Jua

Siku ya soko pale Lushoto mtu hatembei, anasukumwa. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2004. Ukungu ulikuwa umeshapanda mlimani na jua limeanza kukausha matope, na Elinuru alikuwa ndiyo kwanza ateremke kwenye basi la Tanga. Hakuwa na mzigo isipokuwa kiboksi kidogo kama cha sabuni, amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mpagazi mwenye gunia la karoti akampiga kumbo la bega. Kiboksi kikaruka, kikatua kwenye tenga la mapeasi.

Mwenye tenga alikuwa msichana wa gauni la kijani lenye kola nyeupe, khanga ya njano yenye maua meusi ameitupia mabegani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Alikiokota kile kiboksi kabla ya mwenyewe hajafika, akakitikisa karibu na sikio.

"Dada, usitikise, tafadhali. Kikiharibika hicho, nimeharibika mimi."

"Kuna nini ndani?"

"Jicho."

"La nani?"

"La kompyuta."

Msichana alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi la Tanga mpaka shati la mistari lililokunjwa mikono kwa uangalifu. "Kwa hiyo siku zote hizo kompyuta yenu ilikuwa kipofu," alisema, "na mlikuwa hamjaitafutia mganga."

Elinuru alicheka mpaka akasahau kuomba msamaha wa peasi lililopasuka. Akaeleza kwamba yeye ni karani wa Umoja wa Wakulima wa Mboga, ofisi ile ya nyuma ya soko. Kompyuta wanayo, ya mezani, ya msaada, lakini haijui simu. Hicho kidude kikichomekwa kwa nyuma, kinatoa mwanga ambao macho ya mtu hayauoni. Simu yenye mwanga kama huo ikilazwa mbele yake, zinaonana, na mtu akiandika ujumbe mmoja kwenye kompyuta, simu inaupeleka kwa wakulima arobaini kwa mara moja. Wenyewe wanaita infraredi. Hakumwambia kwamba kamati ilikataa kukinunua, na kwamba yeye aliacha simu yake mwenyewe kwa fundi mmoja wa Tanga ili akipate.

Msichana alimpa lile peasi lililopasuka. Alisema anaitwa Dorkasi, wa Mlalo, na anakaa na kaka yake Justin, dereva wa lori la mbao. Kisha umati ukamsukuma Elinuru mbele, na alipogeuka hakuiona tena khanga ya njano.

Wiki mbili baadaye Rehema, aliyekuwa mchambuaji kwenye banda la Umoja, alikwenda kujifungua, na aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa Dorkasi.

Kazi ya mchambuaji ilikuwa kutenga kabichi nzuri na mbovu, kupima karoti, na kila Jumanne asubuhi kuingia ofisini na daftari. Dorkasi alisoma, Elinuru aliandika, kisha simu ya ofisi ililazwa mbele ya jicho ili wakulima waambiwe wavune nini. Hapo ndipo walipogundua ugonjwa wa lile jicho: lilikuwa linaogopa jua. Dirisha la ofisi lilitazama mashariki, na meza haikuhamishika kwa sababu soketi ilikuwa moja tu. Jua likipiga pale mezani, kompyuta haikuiona simu hata kama zilikuwa zimegusana. Elinuru aliomba pazia. Mwenyekiti, Mzee Abubakari, alisema pazia ni mambo ya sebuleni.

Basi Dorkasi alisimama dirishani, akaitandaza khanga yake kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka ujumbe wote arobaini ukaisha kwenda. Ilichukua karibu robo saa.

"Fundi jicho, mikono inakufa."

"Bado kumi na wawili, pazia langu. Vumilia."

"Pazia lako? Umeninunua lini?"

Akaitwa pazia tangu siku hiyo, lakini ndani ya ofisi tu, mlango ukiwa umefungwa. Nje alikuwa Dorkasi, na Elinuru alikuwa karani, na walisalimiana kama watu wasiojuana sana. Mji ni mdogo, na Justin alikuwa ameshamwambia dada yake mara moja, bila kurudia, kwamba siku atakayosikia jina lake mdomoni mwa watu, siku hiyo hiyo atampandisha gari la Mlalo.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Dorkasi alikunja khanga yake na kurudi bandani. Elinuru alibaki amekaa mbele ya kompyuta, harufu ya mapeasi bado iko chumbani. Kwa miezi mitatu alikuwa amebeba neno mdomoni. Simu hakuwa nayo. Lakini simu ya ofisi ilikuwa bado imelala mezani, na namba ya Dorkasi ilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Akaandika haraka, kabla moyo haujabadilika:

*Dorkasi, siku hizi sipati usingizi kwa ajili yako. Kesho saa kumi nitakusubiri darajani, karibu na mashine ya kusaga. Nina neno zito. Usimwambie mtu.*

Jina hakuweka. Nani mwingine aliandika kutoka simu ya ofisi? Akabonyeza, kompyuta ikalia kama inavyolia siku zote, naye akazima kila kitu, akakimbiza simu kwa Severin, dereva wa lori la mboga, aliyekuwa anawasha gari kwenda Dar es Salaam. Simu hiyo ilisafiri na mzigo kila wiki ili bei za sokoni zijulikane.

Hakugeuka kutazama meza. Angegeuka angeona kwamba dirishani hakukuwa na mtu, na jua lilikuwa limelipiga lile jicho.

Jumatano saa kumi alisimama darajani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na viatu alivikwangua matope kwa kijiti. Manyunyu yalianza saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili kasoro wanawake waliotoka kusaga walipita na ndoo zao kichwani, mmoja akamuuliza kama amepoteza kitu mtoni. Alisema hapana, akarudi nyumbani amelowa.

Alhamisi hakwenda bandani hata mara moja. Mchana Severin alipiga kwenye simu ya mwenyekiti kusema lori limeharibika njiani, na mzigo wa Ijumaa usivunwe. Mzee Abubakari alikuja ofisini akihema. Alikuwa mtu mnene wa kanzu na koti, macho yake yameanza kuingia ukungu, lakini simu yake ilikuwa mpya kuliko zote za bonde lile, ameletewa na mwanawe Yassir.

Alimwuliza Elinuru kama hiyo nayo ina ule mwanga. Elinuru akaigeuza, akakiona kioo cheusi kichwani mwake, akasema inao. Akaiweka mezani, mchana huo jua limeshahama, akaandika *Kesho msivune, gari bovu*, akabonyeza. Kompyuta na simu zikaonana mara moja. Ujumbe ukaanza kutoka mmoja baada ya mwingine. Arobaini. Mwisho wa orodha ulikuwepo mmoja zaidi, ule wa Jumanne, ambao ulikuwa umekaa ndani ya kompyuta siku mbili ukisubiri simu yoyote ije. Nao ukatoka.

Elinuru alikuwa anatazama nje, kuelekea bandani.

Dorkasi alikuwa ameinama kwenye karoti simu yake ilipolia kifuani. Alisoma jina la mtumaji: M/Kiti. Akasoma maneno. Akayasoma tena, karoti ikamtoka mkononi. Mzee wa umri wa baba yake, mwenye mke ambaye kila mtu bondeni humwita mama. *Sipati usingizi. Usimwambie mtu.* Akaficha simu, akaendelea kupima, na siku nzima hakujua alipima nini.

Jioni ile Elinuru alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwenye kibanda cha simu pale stendi, akapiga.

"Dorkasi. Ni mimi, Elinuru."

Sauti ya upande wa pili ilikuja ndogo. "Namba yangu nani aliitoa?"

Elinuru alijua kwamba amekosea kuichukua kwenye orodha bila ruhusa. Alidhani hiyo ndiyo sababu ya hasira ya Dorkasi. "Ni mimi," alisema. "Ilikuwa kwenye kompyuta. Nisamehe."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Nilifikiri hutakasirika."

"Nilidhani wewe ni mtu," Dorkasi alisema. "Usinipigie tena." Simu ikakatwa.

Mwenye kibanda aliuliza kama anapiga nyingine. Elinuru alitikisa kichwa. Alijua sasa: amependa peke yake. Na Dorkasi, nyuma ya nyumba ya kaka yake, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijua jambo baya zaidi, kwamba kijana ambaye yeye alikuwa pazia lake miezi mitatu amemtoa kwa bosi wake kama mtu anavyotoa mkungu wa ndizi.

Kwa sababu ya macho yake, Mzee Abubakari hakusoma ujumbe mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya swala mkewe, Mama Yassir, alikaa naye barazani akamsomea yote ya wiki. Ijumaa hiyo simu ilisema imejaa. Mama Yassir akaanza kufuta ule uliotumwa, *gari bovu*, *gari bovu*, *gari bovu*, kidole kinakwenda chenyewe, mpaka kikasimama.

Alimaliza kumsomea mumewe habari za mjomba wa Mgwashi aliyeumwa mgongo, akaingia ndani, akafunga mlango. Ndoa yao ilikuwa ya miaka thelathini na moja.

Jumamosi asubuhi alimpigia Dorkasi.

"Wewe ndiye Dorkasi wa bandani?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Marahaba haikuja. Dorkasi alisubiri, simu sikioni. Alizaliwa na kukulia milima hii, na hakuwahi kuona shikamoo ikinyimwa marahaba. Hata maadui waliitikia, kisha ndipo wakagombana.

"Jumatatu saa tatu, ofisini," Mama Yassir alisema. "Njoo na kaka yako."

Kufikia Jumapili Justin alikuwa ameambiwa na watu watatu. Hakumpiga dada yake wala hakupaza sauti. Alichukua simu ya Dorkasi akaitia mfukoni mwake, akatoa begi la nguo juu ya kabati, akaliweka mlangoni. Gari la Mlalo huondoka saa tano. Dorkasi alimwambia kwamba hajafanya lolote. Justin alisema anaamini, lakini mama yao mjane hataishi kwa kuamini, ataishi na majirani.

Jumatatu ofisi ilijaa. Wajumbe sita wa kamati kwenye benchi, Mzee Abubakari kwenye kiti chake akiwa haelewi mkewe amekuja kufanya nini, Justin amesimama na begi miguuni. Dorkasi alisimama karibu na mlango amevaa gauni la kijani, khanga ya njano ameivuta mpaka kidevuni. Elinuru alikaa mbele ya kompyuta kuandika kumbukumbu za kikao. Hakumtazama.

Mama Yassir hakukaa. Alisema amekuja kwa jambo la nyumba yake, lakini kwa kuwa limepita kwenye kazi ya Umoja, Umoja usikie. Akafungua simu ya mumewe, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea siku zote.

"Dorkasi, siku hizi sipati usingizi kwa ajili yako. Kesho saa kumi nitakusubiri darajani..."

Vidole vya Elinuru vilisimama juu ya vibonyezo.

Mzee Abubakari alikuwa anaapa kwa Mungu wake kwamba hajui kuandika hata salamu kwenye simu hiyo. Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akasema wazee siku hizi wana mambo. Justin akaliinua begi.

Elinuru aliona yote kwa mara moja: jua la Jumanne, ujumbe uliokwama, simu ya mwenyekiti mezani. Aliona pia kwamba akikaa kimya, hakuna atakayejua. Kazi atabaki nayo, na simu ya wakulima aliyoitumia kwa mambo yake haitaulizwa. Ingegharimu jina la msichana mmoja tu, ambaye hata hivyo hakumtaka.

Akasimama. "Mama, maneno hayo ni yangu."

Alieleza, akijikwaa, jinsi alivyoandika Jumanne, jinsi ujumbe usivyotoka, jinsi ulivyosubiri. Alipofika kwenye simu ya mwenyekiti alisikia benchi likiguna.

"Kijana anamlinda mkubwa wake," alisema mjumbe aliyekohoa. "Kazi tamu."

Mama Yassir alimgeukia Elinuru. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka. "Simu ilikuwa ya mume wangu. Unataka niamini kompyuta imeshika simu ya mtu bila mkono, ikaandika?"

"Iweke hapa wewe mwenyewe, mama. Mtu asiiguse. Nitaandika, utaona."

"Andika basi neno ambalo mzee mwenye mke hawezi kuliandika."

Aliilaza simu mbele ya jicho, akasimama juu yake mikono nyuma. Elinuru akawasha, akaandika, kila mtu anasikia vibonyezo. Akabonyeza. Kompyuta ikalia. Simu ikakaa vile vile. Akajaribu tena. Ilikuwa saa tatu na nusu, na jua la mashariki lilikuwa limeingia dirishani likatandaa juu ya meza yote. Akaweka kiganja, mwanga ukapita pembeni.

"Haioni," alisema. "Ni jua."

Mtu alicheka. Justin akasema gari halitalisubiri jua, akamwita dada yake watoke.

Dorkasi hakumfuata. Alikuwa amesikia kila neno, na moyoni mwake ile simu ya kibandani ilikuwa inajirudia upya, *ni mimi, ni mimi*, sasa ikiwa na maana nyingine kabisa. Akamwona moyoni, ile Jumatano, amesimama darajani akimsubiri. Akapita katikati ya wajumbe, akavua khanga mabegani, akasimama dirishani mgongo kwa watu, akaitandaza kwa mikono miwili.

Meza ikaingia kivuli.

Elinuru akabonyeza. Simu ya mwenyekiti, ambayo hakuna aliyeigusa, ikawaka yenyewe. Mama Yassir akarudi nyuma hatua moja. Na mfukoni mwa Justin, simu nyingine ikalia.

Justin aliitoa. Akasema mtumaji ni M/Kiti. Akaanza kusoma kwa ukali, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, na ukali ukawa unapungua njiani.

"Pazia langu. Mimi ni Elinuru, mtoto wa Paskalina wa Mgwashi. Simu sina, niliibadilisha na hili jicho. Nilikosa kukuandikia kwa siri kama mwizi. Kaka yako akiniruhusu, nitatuma wazee Mlalo." Akainua kichwa. "Pazia ni nani?"

Wote walikuwa wanatazama dirishani, pale Dorkasi alipokuwa bado ameitandaza khanga.

Mzee Abubakari ndiye aliyeanza. Alisema karani aliyetumia simu ya wakulima kwa uchumba ataandikiwa barua ya onyo, na ataiandika mwenyewe kwa kuwa ndiye anayejua kuchapa. Kisha akageuka, kwa macho yake yenye ukungu, kumtafuta mkewe. Mama Yassir alikuwa amekaa hatimaye, kwenye ncha ya benchi, ametoa leso. Mumewe alinyoosha mkono, naye akaushika bila kumtazama.

Justin aliweka begi chini. Alimrudishia dada yake simu, akatoka nje, akasimama karibu na mlango ambapo bado aliweza kusikia.

Dorkasi alishusha khanga. Hakumgeukia Elinuru. Aliinama juu ya simu, vidole gumba vikitembea polepole, kwa kuwa mikono ilikuwa imekufa ganzi. Elinuru alisimama kando ya kompyuta kama mshtakiwa. Dorkasi alipomaliza alibonyeza, na simu ya mwenyekiti ikalia pale mezani.

Mama Yassir aliichukua, kama alivyozoea kila Ijumaa, akasoma kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya kila mtu.

"Shikamoo mama. Mwambie fundi jicho wazee wake waje Jumapili, baada ya ibada. Na siku nyingine aweke jina."

Akafunga simu. Akanyanyuka, akamwendea msichana aliyesimama dirishani, akamrudishia khanga mabegani na kuivuta ikakaa sawa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba. Moja ya leo, moja ya Jumamosi."